Miembe ya Njia ya Misafara na Miche Yake

Mazungumzo ya asubuhi hii yanahusu miti ya matunda iliyosimama nyuani na kandokando ya barabara za Tabora, miti ambayo watu hula matunda yake kila msimu ilhali ni wachache wanaoweza kusema kwa hakika ni ya aina gani, au namna ya kuipata tena siku itakapokauka. Maswali yatakayoshughulikiwa ni mawili, nayo yamefungamana. Mti wa matunda usiojulikana hutambuliwaje? Na mche mchanga uliobebeshwa kutokana na mti huo hutunzwaje hadi uzae? Mwenye kulijibu swali la kwanza bila la pili atabaki na jina tupu la mti uliokufa, na mwenye kulijibu la pili bila la kwanza huenda akaumwagilia maji kwa miaka minne mti ambao si ule aliokusudia.

Ni vema neno moja lifafanuliwe mapema, kwa kuwa litarudiwa mara nyingi katika mazungumzo haya. Kubebesha ni kazi ya kukata kipande cha tawi la mti unaopendwa, kipande ambacho wakulima wa vitalu hukiita kikonyo, na kukiunganisha na mche mwingine ulio ndugu wa karibu wa mti huo, ulioota kwa mbegu, ili mche ule wa mbegu utoe mizizi na kikonyo kitoe matawi, maua na matunda. Mche unaobeba huitwa shina la chini, na mti uliotoa kikonyo huitwa mti mama. Msikilizaji akilishika jambo hilo moja, kwamba mti uliobebeshwa ni miti miwili iliyounganishwa pahali pamoja, sehemu kubwa ya yatakayosemwa itamwelea bila taabu.

Kwa nini mazungumzo haya yanaanzia Tabora, tena yanaanzia kwenye mwembe? Sababu yake imo katika historia ya mji wenyewe. Unyanyembe, eneo ulipo mji huu, ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, na baada ya kufika huku ikagawanyika, mingine ikienda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na mingine ikielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wasafiri Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wamekwisha kujenga na kukaa; na Henry Morton Stanley, aliyekaa Kwihara, karibu na mji huu, mwaka 1871, aliandika kwamba wakazi hao walikuwa wamepanda michungwa, milimau, mipapai na miembe kuyazunguka matembe yao, yaani zile nyumba za kuta za udongo na paa bapa, na kwamba miti hiyo ilistawi vya kutosha. Kando ya njia nzima husimuliwa kwamba miembe mingine iliota kwa kokwa zilizotupwa na wapagazi na watumwa waliopita wakila, na kwamba mingine ilipandwa kwa makusudi ili iwape wasafiri kivuli. Kwa anayechunguza miti, masimulizi yote mawili yanafikia hapohapo: miembe ile iliota kwa kokwa, wala haikubebeshwa.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tangu hapo hapakuwa na haja ya msafara wa miguu, lakini miembe haikuondoka pamoja na wapagazi. Mwaka 2006 njia hiyo ya zamani ya biashara ya watumwa na pembe iliingizwa katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, Kwihara ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Hata hivyo, ulinzi wa kituo ni jambo moja na ulinzi wa mti ulio kwenye kiwanja cha mtu ni jambo jingine. Mwembe mkubwa hukatwa kwa sababu mizizi yake inapasua ukuta, au kwa sababu kuni zake zinatakiwa kwenye tanuri la matofali, na anayeukata hafikirii kwamba ameondoa kitu kisichoweza kununuliwa tena dukani wala kitaluni.

Je, ni kweli kwamba hakiwezi kununuliwa tena? Hapa panahitaji maelezo kidogo. Ua la mwembe huchavushwa hasa na nzi na wadudu wengine wadogo, ambao hubeba chavua, ule unga wa kiume wa ua, kutoka mti hadi mti bila kuchagua, hivyo kokwa la mwembe mmoja mara nyingi huwa na mzazi wa pili asiyejulikana, na mche wake huzaa embe la namna yake wenyewe, pengine tamu kuliko la mama, pengine chachu na lenye nyuzinyuzi tupu. Ipo miembe ya namna nyingine, ambayo kokwa lake moja hutoa miche kadhaa, na mingi kati ya miche hiyo humfuata mama barabara. Msikilizaji anaweza kujihakikishia mwenyewe akilipasua ganda gumu la kokwa lililokauka na kuitazama mbegu iliyomo. Ikiwa ni mbegu moja yenye pande mbili laini zinazolingana, mche wake hautabiriki. Na ikiwa imegawanyika vipandevipande vilivyokumbatiana, kila kimoja kikiwa na ncha yake ya kuotea, basi upo uwezekano mzuri wa kumpata mama katika mtoto. Aina za kisasa zinazouzwa sana, kama vile Kent, Keitt, Tommy Atkins na Alphonso, zote ni za mbegu moja, na ndiyo maana hazizalishwi kwa kokwa bali kwa kubebesha.

Kutokana na hayo, kila mwembe wa kale wa Tabora ulioota kwa mbegu moja ni wa pekee yake ulimwenguni. Hauna ndugu aliye sawa nao. Ukianguka pasipo mtu kuchukua kikonyo, umekwisha. Jambo hili linastahili kurudiwa: mbegu haitaurudisha mti ule, ila kikonyo kitaurudisha. Kule Ujiji, mahali ambapo Stanley alikutana na David Livingstone mwaka 1871, mwembe wa enzi hizo haupo tena, lakini husimuliwa kwamba miembe miwili inayoonyeshwa leo ilibebeshwa kutokana na ule wa awali; na kama waliofanya hivyo waliweza kuuhifadhi mti kwa ajili ya kumbukumbu ya wageni wawili, hakuna sababu ya wenye viwanja wa Tabora kushindwa kuihifadhi miti inayowalisha watoto wao.

Sasa mazungumzo yaingie katika swali la kwanza, la kutambua. Mtu anaponunua kiwanja chenye miti asiyoijua, ajizuie na jambo moja tangu mwanzo, nalo ni kuonja tunda au jani asilolijua kwa kutaka kulibaini. Mtonga, ambao tunda lake gumu la mviringo linajulikana sana katika misitu ya miombo ya Sikonge, Urambo na Uyui, uko katika jenasi moja na mti wa Asia unaotoa sumu ya strikinini, na hata katika mtonga wenyewe watu hunyonya nyama ya tunda bila kuzitafuna mbegu. Ulimi si chombo cha kutambulia. Vyombo vya kazi hii ni macho, pua, na subira ya msimu mmoja.

Hatua ya kwanza ni kuijua jamii ya mti, na hilo huwezekana hata pasipo tunda. Jani likifikichwa vidoleni, harufu yake husema mengi: jani la mwembe hutoa harufu kali inayokaribia ile ya mafuta ya tapentaini, na utomvu wake unaotoka kwenye kijiti kinacholishika tunda unaweza kuwasha ngozi, kama ilivyo kwa mkorosho, ambao ni wa jamii hiyohiyo pamoja na mng'ongo wa porini. Jani la jamii ya michungwa likiinuliwa na kutazamwa dhidi ya jua huonekana limejaa vitone vidogo vinavyopitisha mwanga. Hivyo ni vifuko vya mafuta, na ndivyo vinavyotoa manukato jani linapofikichwa. Katika jamii hiyo, macho yashuke hadi kwenye kijiti kinacholishika jani tawini. Mchungwa huwa na ubawa mwembamba pande mbili za kijiti hicho, mbalungi huwa na ubawa mpana wenye umbo la moyo, na mlimau mkali wenye ganda la vinundu una ubawa mdogo mno au hauna kabisa, tena machipukizi yake mapya huwa na rangi ya zambarau iliyopauka. Msikilizaji aliweke akilini hilo la mlimau mkali, kwa sababu litarudi baadaye kwa uzito mkubwa.

Hatua ya pili, ya kuijua aina ndani ya jamii, ni ngumu zaidi, na ni haki kusema wazi kwamba majani peke yake hayatoshi kuutofautisha mwembe na mwembe mwenzake. Mti ukichipua, rangi ya majani yake machanga ifuatiliwe, maana mingine huchipua kwa rangi ya shaba, mingine kwa rangi ya kijani iliyopauka. Mti ukitoa maua, yaani kati ya Juni na Agosti katika nyanda hizi, itazamwe rangi ya shina la kichala cha maua, kwamba ni nyekundu au ni ya kijani. Lakini ushahidi mkubwa umo katika tunda lenyewe, lililoivia mtini, kuanzia Novemba. Embe likiwekwa mezani hutazamwa kwanza kwa umbo: ni la mviringo mithili ya dodo, au ni refu mithili ya bolibo? Mabega yake yamelingana, au moja limeinuka? Kidomo kilicho karibu na ncha kimechomoza au hakionekani? Kisha hukatwa, na rangi ya nyama, wingi wa nyuzi na unene wa kokwa huandikwa. Na kokwa nalo likaoshwa, likakaushwa, likahifadhiwa, kwa sababu mpangilio wa nyuzi na mifereji iliyo juu ya ganda lake haubadiliki kwa mvua wala ukame kama unavyobadilika ukubwa wa tunda. Embe la mwaka wa mvua haba linaweza kuwa dogo na bado likawa la mti uleule. Mtu ayaandike hayo kwenye karatasi moja kwa kila mti, pamoja na mwezi wa kuiva, maana kuna miembe inayotangulia sokoni na mingine inayochelewa hadi Januari, na tofauti hiyo ina thamani ya fedha.

Ikiwa baada ya yote hayo jina halijapatikana, je, kazi imepotea? Hata kidogo. Mwembe wa mbegu huenda hauna jina lolote vitabuni, na mwenye mti ana haki ya kuupa jina la mahali ulipo, mradi maelezo yake yameandikwa. Kwa miti ya porini hali ni tofauti, kwa kuwa hiyo ina majina ya kisayansi, na jina la kijijini laweza kutofautiana kati ya kata na kata. Hapo hukatwa kitawi chenye majani pamoja na maua au matunda, kikalazwa kati ya magazeti makavu na kubanwa kwa uzito kwa siku kadhaa huku magazeti yakibadilishwa, kikaandikiwa mahali, tarehe na jina la wenyeji, kisha kikapelekwa kwa wataalamu. Hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa iko Arusha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina hifadhi yake, na kwa wakazi wa Tabora kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi kipo karibu na mji.

Tumbi inastahili kutajwa kwa sababu nyingine. Kwa miaka mingi watafiti wa kituo hicho, wakishirikiana na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto kiitwacho ICRAF, waliishughulikia miti ya matunda ya miombo, kama vile mkusu, mbula, mtonga na mtalali, ili iweze kupandwa shambani badala ya kuokotewa porini tu. Mkusu unaonyesha vizuri kwa nini kutambua na kubebesha haviachani. Miti yake ni ya jinsi mbili, wa kiume na wa kike, na wa kiume hauzai kamwe, kazi yake ikiwa ni kutoa chavua. Mtu anayepanda mbegu za mkusu hawezi kujua kwa miaka kumi au zaidi kama anautunza wa kike au wa kiume, lakini akibebesha kikonyo cha mti uliokwisha kuzaa, jinsia ya mche inajulikana siku hiyohiyo, na matunda huweza kuonekana ndani ya miaka michache. Miche hiyo huhitaji pia udongo kidogo kutoka chini ya mkusu uliokomaa, kwa sababu mizizi yake hushirikiana na aina fulani za kuvu wa udongoni wanaoisaidia kufyonza chakula.

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo maswali yale mawili yanapokutana, na mfano wa kawaida kabisa ni wa mchungwa. Mtu ananunua mche wa mchungwa, anaupanda, unakua kwa nguvu kupita alivyotarajia, una miiba mingi, na mwaka wa nne unazaa matunda yenye ganda la vinundu, machachu, yaliyojaa mbegu. Jirani anasema muuzaji ni mwongo, mwingine anasema udongo ndio mbaya. Je, ni kweli? Huenda si muuzaji wala udongo. Michungwa mingi hubebeshwa juu ya mlimau mkali, kwa kuwa mizizi yake ni hodari, na mche ukiachwa bila kuangaliwa, shina la chini hutoa machipukizi yake lenyewe, ambayo wakulima huyaita maotea, nayo kwa kuwa yako karibu na mizizi hunywa kwanza, hukua upesi, hukifunika kikonyo na hatimaye kukiua. Kinachobaki ni mlimau mzima mahali pa mchungwa. Mwenye mti anauliza, mti huu ni wa aina gani? Jibu liko pale chini, kwenye kovu la kubebeshea. Vivyo hivyo kwa mwembe: mbuzi akikila kikonyo, kilichobaki kikachipua chini ya kovu, mti utaishi, utapendeza kwa kijani chake, lakini hautakuwa ule uliokusudiwa.

Basi mche utunzwe vipi tangu mwanzo? Kwa anayetaka kuuendeleza mwembe wa kale, kokwa zozote imara zilizokusanywa Desemba hutolewa ganda na kupandwa zikiwa bado mbichi, mgongo wa mbegu ukielekea juu, kwenye viriba virefu vyenye udongo mzuri, na miche ikifikia unene wa penseli, baada ya miezi sita hadi tisa, huwa tayari kubeba. Siku saba hadi kumi kabla ya kubebesha, ncha za matawi zilizochaguliwa kwenye mti mama hukatwa majani, vikiachwa vijiti vyake, ili jicho la nchani livimbe. Kisha kikonyo hukatwa asubuhi, kikafungwa kwenye kitambaa chenye unyevu, na kutumiwa siku hiyohiyo inapowezekana. Kikonyo huchongwa kwa umbo la kabari na kuingizwa kwenye mpasuo wa shina la chini, na hapo kuna siri moja ya lazima: utando mwembamba wenye uhai, ulio kati ya ganda na mti, lazima ule wa kikonyo ugusane na ule wa shina la chini, angalau upande mmoja wa mkato, maana ni utando huo peke yake unaounga. Kisha panafungwa kwa utepe wa plastiki, pakafunikwa kwa mfuko mdogo, na baada ya wiki tatu au nne kikonyo hai huchipua. Mwembe hubebwa na mwembe, mchungwa na jamii yake. Asitokee mtu wa kumshawishi mwenzake kwamba mwembe utadumu juu ya mkorosho, ingawa ni wa jamii moja.

Anayenunua mche kitaluni naye ana kazi yake ya kutambua kabla ya kutoa fedha. Alitafute kovu, aone kwamba limeunga pande zote na utepe haujazama ndani ya ganda, aone kwamba majani yote yamo juu ya kovu, na kiriba kikiwa kimechakaa aangalie kama mizizi haijajikunja duara chini yake, kwa kuwa mizizi iliyojinyonga kitaluni haijinyooshi shambani. Utepe huondolewa kiungo kikishakuwa imara. Ukisahauliwa, hukaba shina jinsi linavyonenepa, na mti huvunjika hapohapo kwa upepo wa kwanza wa masika.

Shimo la sentimeta 60 kila upande huchimbwa mapema, udongo wa juu ukatengwa na ule wa chini, na mvua za Novemba au Desemba zikishalowesha ardhi vizuri, udongo wa juu huchanganywa na debe la samadi iliyooza kabisa, mche ukatolewa kwenye kiriba na kupandwa kovu likiwa juu ya ardhi kwa kiganja kizima au zaidi. Kovu lisifukiwe kamwe. Likifukiwa, maradhi huingia hapo, na katika miti mingine kikonyo huota mizizi yake chenyewe, faida ya shina la chini ikapotea. Kati ya mwembe na mwembe mita nane hadi kumi si nyingi, hata kama mche wa leo unaonekana mdogo kiasi cha kuchekesha.

Tabora ina msimu mmoja wa mvua, wa takriban milimita 900 kwa mwaka, unaokwisha Aprili au mapema Mei, na baada ya hapo hakuna mvua ya kutegemewa hadi Novemba. Miche mingi haifi kwa maradhi. Hufa kati ya Agosti na Oktoba, jua likiwa kali na ardhi ya kichanga imekauka hadi chini. Ndoo moja ya lita 20 kwa wiki, ikigawanywa mara mbili na kumwagwa polepole jioni, inaweza kuuvusha mche mmoja, na mwenye chungu cha udongo kisichotiwa rangi akikizika karibu na mche na kukijaza maji, akakifunika kwa kigae, maji yatapenya kidogokidogo hadi kwenye mizizi bila kupotea kwa jua. Matandazo, yaani nyasi kavu zinazotandazwa juu ya udongo ili kuzuia unyevu usitoroke, husaidia sana, lakini Tabora ni nchi ya mchwa, na nyasi kavu ndiyo karamu yao. Lipi lifanyike? Matandazo yawekwe, lakini yaachwe mbali na shina kwa shibiri moja, vipande vya kuni na mizizi mikavu viondolewe shimoni kabla ya kupanda, majivu yanyunyizwe kuzunguka shina, na tabaka la udongo ambalo mchwa hulijenga juu ya ganda lifutwe kila linapoonekana. Mchwa huupenda zaidi mche uliokwisha kuchoka kwa kiu, hivyo maji yenyewe ni sehemu ya kinga.

Uzio wa miiba dhidi ya mbuzi usingoje hadi mbuzi aje. Eneo la mita mbili kuzunguka mche lisafishwe nyasi kabla ya Julai, kwa kuwa moto unaowashwa porini na warina asali wasio waangalifu au na wanaotayarisha mashamba hauulizi mche ni wa kubebeshwa au la.

Kuhusu maotea, kanuni ni moja na irudiwe: chochote kinachochipua chini ya kovu kiondolewe. Kiondolewe kingali laini, kwa kukivunja kwa kidole gumba pale kilipotokea, kwa sababu kikikatwa kwa kisu na kuachwa kijiti, macho mengine yaliyo pembeni huamka. Katika mwaka wa kwanza mche ukaguliwe kila wiki wakati wa mvua. Ukifika urefu wa mita moja hivi, ncha hukatwa ili matawi matatu au manne yaliyopangika vizuri yachipue na kuwa mhimili wa mti.

Linabaki jambo ambalo huwaumiza wengi moyo. Mche uliobebeshwa, kwa kuwa kikonyo chake kimetoka kwenye mti uliokwisha kukomaa, unaweza kutoa maua katika mwaka wake wa kwanza, na mwenye mti hufurahi, akaita majirani. Maua hayo yaondolewe. Yaondolewe mwaka wa kwanza, na wa pili pia, kwa kuwa mti wenye mizizi michache ukilea matunda utasimamisha ukuaji wake, tawi litainama, na kiangazi kitaukuta hauna akiba. Wapo watakaosema kwamba embe moja la kuonja halina madhara. Kwa mche ulio kwenye ardhi nzuri yenye maji huenda wakawa na haki, lakini kwa mchanga wa Tabora kusubiri ndiko salama.

Katika mwaka wa tatu au wa nne, matunda yakiachwa yakaiva, karatasi ile iliyoandikwa chini ya mti mama itolewe, na embe la kwanza la mti mchanga liwekwe kando ya maelezo yake: umbo, mabega, kidomo, rangi ya nyama, nyuzi, na kokwa lililooshwa likilinganishwa na lile lililohifadhiwa. Ukubwa ukipungua si hoja, kwa kuwa mti ungali mdogo. Kokwa likitofautiana, basi mwenye mti ainame alitazame kovu, na kuchunguza kama tawi lililozaa lilitoka juu yake au chini yake; na likiwa limetoka chini, mti mama ukiwa bado hai, msimu wa kuchukua kikonyo kingine haujapita.